WINGI WA KURA NI WINGI GANI?

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi kidogo katika gazeti letu nimjibu ndugu yetu aliyesimama katika mkutano wa mwezi uliopita, akasema kwamba kanuni za kura ni michezo ya wanasheria, na kwamba kwetu sisi makarani aliyezidi amezidi, yatosha. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga, na sababu zangu ni hizi.

Tazameni Malawi. Nchi ile humchagua Rais kwa kura za watu wote, na Katiba yake yasema mshindi ni yule apataye wingi wa kura. Wingi gani? Ni zaidi ya nusu, ama ni kuwapita wenzake tu? Neno hilo lilifikishwa mahakamani baada ya uchaguzi wa mwaka 1999, na majaji wakakata kwamba kuwapita wenzake kwatosha. Neno moja tu! Nasi tujuao jinsi neno moja katika barua liwezavyo kumhamisha mtu na watoto wake, hatuna haki ya kulidharau.

Mwaka 2004 Bingu wa Mutharika akaupata urais kwa kura zipatazo 36 kwa mia. Maana yake, katika kila watu 100 waliopiga kura, 64 walimtaka mwingine. Chama kilichomsimamisha, UDF, hakikupata hata theluthi ya viti vya Bunge. Februari 2005 akakiacha, akaunda chake, DPP, na wabunge wa vyama vingine wakaanza kumfuata. Walakini Fungu la 65 la Katiba humnyang'anya kiti mbunge ahamaye chama. Wapinzani wakalishika fungu hilo kama rungu, na mwaka 2007 wakakataa kupitisha bajeti mpaka Spika alitumie. Mwaka wa fedha ulikuwa umeanza Julai. Bajeti ikapita Septemba. Sina haja ya kuwaeleza wasomaji hawa jinsi ofisi ya Serikali inavyokuwa fedha zisipopitishwa: majalada yapo, wino upo, kazi haipo.

Ndugu yetu atasema kwamba hayo ni ya tabia za watu, si ya kanuni. Nakataa. Kule Uingereza Waziri Mkuu asiyeungwa mkono na wabunge huanguka, akaja mwingine. Rais haanguki hivyo. Anayo miaka yake mitano mkononi, na wabunge wanayo yao. Basi mpe mtu kiti kwa theluthi ya kura, umweke mbele ya Bunge lisilo lake, na wasiweze kuondoana: atafanya nini ila kuwavuta wabunge mmoja mmoja? Hata malaika angejaribu.

Jambo lilirudi mwaka 2019. Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa 38.57 kwa mia, na karatasi nyingi za matokeo zilikutwa zimefutwa kwa wino mweupe, ule ule tuutumiao mezani. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano wakaubatilisha uchaguzi, wakasema pia kwamba wingi ni zaidi ya nusu. Mara vyama tisa vikashikana chini ya Lazarus Chakwera, naye Juni 2020 akashinda kwa zaidi ya 58 kwa mia. Watu walikuwa wale wale, na nchi ile ile. Kilichogeuka ni kanuni. Nami sisemi kwamba pepo ilishuka. Januari 2022 Chakwera alilivunja Baraza la Mawaziri kwa tuhuma za rushwa, na mwaka 2024 chama cha UTM kikajitoa katika muungano. Lakini Mutharika aliporudi Septemba 2025, alirudi na zaidi ya 56 kwa mia, wala hapana awezaye kumwita Rais wa theluthi.

Kwa haki niseme na upande wa pili: nusu peke yake haitoshi. Katika Peru, mwaka 2016, Pedro Pablo Kuczynski alipata nusu na kidogo katika duru ya pili, lakini wabunge walikwisha kuchaguliwa siku ya duru ya kwanza. Akapata wabunge 18 kati ya 130. Wapinzani wake, kwa kura zipatazo 36 kwa mia, wakapata 73. Machi 2018 alijiuzulu, na tangu Julai 2016 hata Desemba 2022 nchi ile iliona marais sita. Kanuni ya Rais na kanuni ya Bunge zapasa kushonwa pamoja, kama mikono ya kanzu moja.

Hata Tanzania, iliyodai zaidi ya nusu mwaka 1995, ilibadili Katiba mwaka 2000, na tangu hapo azidiye ndiye Rais. Waliotangazwa washindi wamepita nusu wote. Kanuni imelala tu, yangoja siku yake.

Sasa fungueni rasimu ya kanuni za chama chetu, penye kuchaguliwa kwa Rais wa chama. Imeandikwa: "kwa wingi wa kura". Wagombea mwaka huu ni watano. Nitaomba katika mkutano mkuu maneno hayo yafutwe, iandikwe "kwa zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa", na Halmashauri ichaguliwe baada ya Rais kupatikana, si kabla. Ndugu yetu anipinge pale, mbele ya wote.

Ni mimi,
KARANI WA MASIJALA