Tulivua viatu mlangoni kwa Wahindi

Wandugu vijana,

Sisi wa Karuba, «Muhindi» tulimjua kwanza kupitia kioo cha gari nyeupe ya MONUSCO ikipita barabara ya Sake. Basi. Mwezi wa 7 mwaka 2022, hasira juu ya misheni ile ilipolipuka Goma na Butembo, raia wengi walikufa. Butembo walikufa pia polisi wawili kutoka India na askari mmoja wa Maroko. Siku zile tulisikia vijana wenzetu wakisema «Wahindi warudi kwao», kama vile misheni na taifa zima ni kitu kimoja. Na sisi tulinyamaza.

Baadaye wawili wetu tulienda Kampala kutafuta kazi. Kazi hatukupata, diploma zingali kwenye mfuko. Lakini jioni moja tuliomba ruhusa kuingia katika hekalu la Wahindu, katikati ya mji.

Mzee wa mlangoni alituonyesha tu pa kuweka viatu. Tukakaa chini, nyuma ya watu wote, simu tumezima. Kengele ikalia, watu wakaimba, kuhani akazungusha taa za moto mbele ya sanamu. Ibada hiyo wanaiita aarti. Kisha taa ikapitishwa kwa watu: kila mmoja anapitisha viganja juu ya moto, anavirudisha usoni. Mmoja wetu anasali kanisa la uamsho, moyo ulikuwa unamdunda: akikataa, watamwona vipi? Aliinamisha kichwa, mikono ikabaki mapajani. Mwenye taa akatabasamu, akapita. Mwishoni wakagawa prasad, chakula kitamu kilichotolewa kwanza kwa Mungu. Mmoja wetu alikula, mwingine alishukuru tu. Hakuna aliyetuuliza kabila, na kwetu Masisi swali hilo linatangulia jina.

Katika mji ule ule, mwaka 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Alisema wanahujumu uchumi. Wengi walishangilia. Maduka yakaenda kwa askari na marafiki zao, uchumi ukaanguka, na aliyeshangilia akabaki anatafuta sukari.

Wimbo huo tunaujua. Kwetu, kosa la mwenye bunduki linabebeshwa kila mtu anayesema lugha yake, hata mama anayeuza viazi.

Tuendelee kudai hesabu: kwa misheni, kwa serikali, kwa kila kikundi chenye silaha. Lakini hasira yetu iwe na anwani. Na Jumapili hii, wewe unayesoma, nenda usali na watu wa kilima kile ulichokatazwa tangu utoto. Omba ruhusa, kaa nyuma, sikiliza. Hawatakuomba ubadilike. Tulienda mpaka Kampala kujifunza jambo hilo, na kilima cha jirani hatujakipanda bado. Tunaanza sisi.

Sisi vijana wa Karuba