Mikate mitano, shilingi tano

Tangu 2023 Kaunti ya Nairobi huwapa watoto wa shule za msingi za umma chakula cha mchana kupitia mpango wa Dishi na County. Mzazi hulipa Sh5 kwa kila mlo, na gharama inayosalia hubebwa na kaunti pamoja na shirika la Food4Education. Mtoto huvaa bangili ya kielektroniki, huigusisha kwenye kifaa, kisha hupakuliwa. Foleni hiyo haionyeshi nani kalipiwa na nani. Ni jambo jema, maana njaa ya mtoto haifai kuongezwa aibu.

Lakini mpango huu hauangalii mfuko wa mzazi, huangalia shule. Kule Mukuru na Kibera, shule za umma ni chache, hivyo watoto wengi husoma katika shule ndogo za kibinafsi. Hao hukosa sahani, ingawa wazazi wao ni vibarua na mama fua kama wenzao.

Wanafunzi wa Yesu walitaka umati uende ukajitafutie chakula. Yeye aliwaketisha wote nyasini, akawalisha kwa mikate mitano na samaki wawili wa mtoto mmoja. Hakuuliza mtu ametoka kijiji gani.

Basi tuihimize kaunti iongeze viti mezani. Nasi tusikae kungoja. Sh5 kwa siku tano ni Sh25 kwa wiki. Jumuiya yenu ndogondogo inamjua mtoto ambaye bangili yake haina kitu, na yule asiye na bangili kabisa. Msaidieni mzazi wake kimyakimya, bila kumtangaza kanisani.