Daftari la Makaburi ya Mji Mkongwe

Wazanzibari wenzangu, wa Mjini na wa Ng'ambo, nanyi mlioko Maskati, Dar es Salaam na London ambao wazee wenu wamelala hapa: Shaaban ijayo, wakati wengi wetu tunapozuru makaburi kabla ya Ramadhani, tuandike majina.

Makaburi ya Mji Mkongwe yamo viwanjani mwa misikiti, nyuma ya kuta za majumba, na katika vipembe vilivyobanwa na ghorofa pande zote. Mengi hayana maandishi. Ni mishahadi ya mawe, basi. Anayejua nani kalala pale ni bibi wa nyumba ya jirani, naye akiondoka, jina limekwenda. Baada ya Mapinduzi ya 1964 koo nyingi zilitawanyika, kaburi likabaki na ukuta tu. Ukuta usio na mwenyewe ndio unaotupiwa taka na kuegemezwa vespa. Kisha mtu huanza kusema kwamba hapo pana kiwanja kitupu.

Sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoporomoka Desemba 2020 na kuua watu wawili, dunia nzima ilisikia. Kaburi la mtaani likifutika, hata mtaa wa pili hawajui.

Sidai marumaru. Sultani wetu Seyyid Said alifia baharini 1856, akazikwa Makusurani, karibu na kasri la Beit al-Sahel. Mwanawe, Seyyid Majid, alianza kumjengea jengo juu ya kaburi. Waibadhi wenye msimamo wakapinga, ujenzi ukakatishwa, na paa halikuwekwa. Mimi niko upande wa waliopinga. Ila waliokataa fahari hawakusema tuwasahau wafu wetu.

Vukeni mkaone Chapwani. Tangu 1879 kisiwa kile kinawahifadhi mabaharia wa Kiingereza: yupo Kapteni Brownrigg, aliyeuawa 1881 akipambana na jahazi la watumwa, na wapo wa manowari Pegasus, iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani hapa hapa bandarini tarehe 20 Septemba 1914. Kitukuu wa baharia wa Pegasus, akiwa kwao Uingereza, anaweza kulitafuta jina la babu yake katika orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Hata Bibi Salme, binti wa Seyyid Said aliyefariki Ujerumani 1924, kaburi lake lajulikana lilipo, Ohlsdorf, Hamburg. Fundi aliyechonga milango ya Malindi tutamtafuta wapi?

Jambo hili si la Waislamu peke yao. Askofu Steere, aliyefariki 1882, amezikwa ndani ya kanisa lake la Mkunazini na kila mgeni huonyeshwa. Watumwa walioachwa huru wakaishi na kufa Mbweni, nani anawataja mmoja mmoja? Wahindu nao huchoma maiti zao, kwa hiyo kwao jina lisipoandikwa hakuna hata jiwe la kuulizia.

Basi kila msikiti, kila jamatini, kila kanisa litoe vijana wawili na mzee mmoja. Vijana wapige picha na kuchora ramani kwa mkono. Mzee aseme: fulani bin fulani, wa ukoo fulani, alizikwa lini. Jina la msemaji nalo liandikwe, maana kesho kutakuwa na ubishi. Pasipojulikana, iandikwe kwamba pana kaburi. Hilo peke yake linamfunga mkono mwenye tamaa ya kiwanja. Nakala moja abaki nayo sheha, ya pili iende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa makaburi ya Waislamu, nyingine ipelekwe Nyaraka, Kilimani.

Ukuta uliopasuka, mtaa uchange. Lakini jamani, uzibwe kwa chokaa, si saruji: ukuta wa mawe ya matumbawe ukifunikwa saruji unafungiwa unyevu ndani na kuoza. Na nyie mnaotembeza wageni, makaburi ya watu yapiteni bila kamera.

Mlioko nje, hatuwaombi fedha kwanza. Mpigieni simu aliye mkubwa kuliko wote katika ukoo, mrekodini akitaja nani kazikwa wapi, mtuletee sauti hiyo. Msingoje Shaaban kwa hilo, pigeni leo.