Adui Aliyesoma Mkataba

Kuna hukumu moja ambayo watazamaji wa michezo ya televisheni ya safari za anga huitoa haraka, nami nimechoka kuisikia. Kila pale binadamu na viumbe wa sayari nyingine wanapojadiliana juu ya mkataba, na kiumbe yule akashikilia yaliyoandikwa, watazamaji husema: huyu ni katili, hana utu. Nahodha wa binadamu akimzunguka, hupigiwa makofi. Mimi nasema hukumu hiyo ni ya upande mmoja, tena inatuzoesha tabia mbaya ya kuzidharau karatasi ambazo tumezitia sahihi wenyewe.

Nitachukua kesi moja iliyo wazi. Katika mfululizo wa Marekani uitwao Star Trek: The Next Generation imo sehemu yenye jina "The Ensigns of Command", iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1989. Humo tunakutana na Washeliak, viumbe wasiofanana na binadamu hata kidogo, ambao wamekaa kimya kwa miaka 111 tangu watiliane sahihi Mkataba wa Armens na Shirikisho ambalo binadamu ni wanachama wake. Ghafla wanaleta ujumbe mfupi: katika sayari ya Tau Cygna V, ambayo kwa mkataba ni mali yao, wameonekana watu, Shirikisho liwaondoe katika muda wa siku nne. Watu wenyewe ni 15,253, wazao wa wasafiri waliokosa njia miaka zaidi ya 90 nyuma. Kufika kwa chombo cha kuwabeba kutachukua wiki tatu. Nahodha Picard anaomba aongezewe muda. Washeliak wanakataa.

Hapo ndipo mtazamaji anapochukia. Lakini kabla hajachukia, ayasikilize ya upande wa pili. Mkataba ule una maneno 500,000. Ulirefuka hivyo kwa sababu Washeliak waliiona lugha ya binadamu kuwa na maneno yasiyoshika maana sawasawa, wakataka kila jambo lifafanuliwe mpaka mwisho. Kwa upande wake Shirikisho lilipeleka mezani wanasheria 372. Basi hakuna awezaye kusema alighilibiwa. Zaidi ya hayo, mchezo wenyewe unatuambia kwamba Washeliak walikwisha jifunza lugha kadhaa za Shirikisho, ilhali Shirikisho lilikuwa halijaweza kuijua lugha yao. Nauliza, ndugu msomaji: kati ya aliyejifunza lugha ya mwenzake na asiyejifunza, ni nani aliyemchukulia mwenzake kwa uzito?

Wapo watakaonijibu kwamba maisha ya watu ni makubwa kuliko herufi. Nakubali, na wala siwatetei Washeliak kwa dharau yao. Waliwaona binadamu kuwa viumbe duni, na walikuwa tayari kuwafagia kama mtu anavyofagia sisimizi ukumbini. Lakini hebu tutazame ni kitu gani kilichowazuia. Picard alijaribu kuwasihi. Walimsikiliza kidogo kisha wakamrudisha chomboni kwake. Alijaribu kuwaeleza habari ya huruma, haikuwaingia. Kilichowazuia ni mkataba. Nahodha alikaa akausoma, akafikia kifungu cha 1,290 kinachompa kila upande haki ya kudai mwamuzi wa tatu. Akaudai, akawataja Wagrizzela, ambao wakati ule walikuwa katika usingizi wao mrefu na wasingeamka mpaka ipite miezi sita. Basi Washeliak wachague: wangoje miezi sita, au watoe wiki tatu. Wakatoa wiki tatu.

Watazamaji wanauita huo ujanja. La hasha. Huo ni usomaji. Adui yule ambaye hakuyumbishwa na machozi alisimama mbele ya aya moja, kwa kuwa aya hiyo ilikuwa na sahihi yake. Angekuwa mtu wa kusema kwamba mikataba ni karatasi tu, wale 15,253 wangekufa siku ya nne. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata watu, penye daftari lisilosomwa, hupotea vivyo hivyo.

Ikiwa tunatafuta ubaya katika kisa hiki, basi tuutafute mahali ulipo. Watu wa Tau Cygna V hawakuwa mezani. Nchi yao iligawiwa na wanasheria wasiojua kwamba siku moja kutakuwa na mtu huko, na habari za mkataba walizisikia kwa mara ya kwanza siku walipoambiwa wafungashe. Walikuwa wamechimba, wamejenga, wamezika wazazi wao, na wameleta maji kwa mfereji waliojivunia kuliko kitu kingine. Aliyetumwa kuwashawishi ni Data, yule mtu wa mashine, kwa sababu mionzi ya sayari ile ingewadhuru wenzake. Maneno yalipomshinda, aliupiga mfereji wao kwa silaha ili wajue mkono mmoja unaweza kufanya nini. Angalia vizuri: silaha pekee iliyoharibu kitu cha watu wale ilishikwa na mtumishi wa Shirikisho lao. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na hapa tembo hata hawakupigana, walisoma tu.

Watunzi wenyewe nadhani waliliona deni hilo, maana miaka michache baadaye walilirudia. Katika sehemu iitwayo "Journey's End", ya mwaka 1994, Shirikisho limepatana na Wakardasia kuhusu mpaka mpya, na mpaka huo umeziacha baadhi ya koloni za binadamu upande wa pili. Moja ni Dorvan V, wanakokaa watu wa asili ya wenyeji wa Amerika. Picard yule yule, aliyewasihi Washeliak wamwongeze siku, sasa ndiye anayeamriwa awahamishe, hata kwa nguvu ikibidi. Mzee wa pale anamkumbusha kwamba babu yake mmoja wa kale alishiriki kuwaadhibu Wapueblo baada ya uasi wao wa mwaka 1680. Hakuna kiumbe wa ajabu wa kusingiziwa safari hii. Mkataba umefanywa na wakubwa, na atakayebeba mizigo kichwani ni mwingine.

Kwa kuwa mchezo wenyewe umewataja wenyeji wa Amerika, na tuifuate historia yao. Mwaka 1868, huko Fort Laramie, serikali ya Marekani na Wasioux walitia sahihi mkataba ulioiacha milima ya Black Hills mikononi mwa wenyeji. Ibara ya 12 ilisema ardhi hiyo haitatolewa bila sahihi za robo tatu ya wanaume wazima wa kabila. Mwaka 1874 dhahabu ikagunduliwa milimani. Mwaka 1877 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuitwaa milima, ingawa sahihi zilizopatikana zilikuwa chache mno kuliko robo tatu. Aliyeiona ibara ya 12 kuwa karatasi tu ni mwenye nguvu. Aliyeishikilia, kizazi hata kizazi, ni mnyonge. Na kwa sababu aliishikilia, mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba lazima fidia ilipwe, zaidi ya dola milioni 100 pamoja na riba. Wasioux wakaikataa fedha hiyo. Walidai milima.

Sasa mwambie mzee wa Kisioux kwamba kushikilia herufi za mkataba ni ukatili. Atakushangaa. Kwake herufi ndiyo ngome iliyobaki baada ya bunduki na farasi kwisha. Wenye kuomba mikataba isomwe kwa moyo mkunjufu, pasipo kubana maneno, mara nyingi ni wale ambao maneno yakilegea watapata wao.

Ndiyo maana nakataa kuwazomea Washeliak kwa kosa la kusoma. Wazomewe kwa dharau yao, hapo nitasaidia. Lakini mwenye kutudai tutimize tuliyoyaandika hatufanyii uadui, na aliyetia sahihi bila kufikiri ni nani anakaa katika nchi anayoigawa hana haki ya kulia mwisho wa mchezo. Mtakapoiona tena michezo hii, watoto wakiwa wamekaa nanyi kwenye mkeka, waulizeni maswali mawili kabla hawajampigia nahodha makofi: nani ameusoma mkataba wote, na wale wanaohamishwa walikuwa wamekaa kiti gani? Watoto watajibu la pili upesi kuliko wakubwa, kwa kuwa wao pia huhamishwa bila kuulizwa.