Kaskazi imeingia, kachumbari haingoji mtu

Joto limetufika, wapenzi wasomaji. Upepo wa kaskazi ukishaanza kuvuma mwezi Desemba, sisi wa Pwani tunajua kwamba hadi Machi hakuna wa kutuonea huruma. Wali wa moto unatazamwa tu. Ugali unamegwa pembeni. Mchuzi unabaki sufuriani mpaka jioni. Lakini weka bakuli la kachumbari katikati ya mkeka, utaona mikono inaanza kuonekana, hata ya wale waliosema hawana njaa.

Ninayo barua ya msomaji wa Mbagala, na naona wengi itawafaa. Dada huyu anaishi na mama mkwe wake, mtu mzima sasa, ambaye tangu joto lianze hali chakula bila kachumbari. Nyumba nzima inakula saa saba mchana. Mama mkwe akishaswali hupumzika kidogo, kwa hiyo anakula saa tisa, siku nyingine saa kumi. Mkwe anatengeneza bakuli moja kubwa saa tano asubuhi kabla hajaenda kwenye genge lake, analifunika kwa sahani na kuondoka. Bibi akiamka anakuta nyanya zinaogelea. Mwezi uliopita tumbo lilimsumbua mara mbili, na mawifi wameanza kusema maneno. Dada anauliza anakosea wapi kwenye upishi wake, na kama aongeze siki.

Dada yangu, viungo ulivyoniorodheshea ni vizuri na mkono wako naona unao. Kinachokuponza ni saa. Siki usiongeze.

Chumvi ikigusa nyanya au tango lililokatwa huvuta maji yaliyo ndani. Dakika kumi tu zinatosha kuona bakuli linaanza kulowa chini, na baada ya saa mbili una supu baridi yenye vitunguu. Huwezi kulizuia hilo kwa ufundi wowote, unaweza tu kuichelewesha chumvi.

La pili ni zito zaidi. Nyanya nzima ina ganda linaloilinda. Ukishaikata umefungua mlango, na vijidudu vichache vilivyobaki kwenye kisu, kwenye kibao au kwenye majani ya giligilani vinapata majimaji, joto na nafasi ya kuzaliana. Wataalamu wa usalama wa chakula hushauri kwamba mboga na matunda yaliyokatwa yasikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na hewa ikizidi nyuzi joto 32 muda huo ushuke hadi saa 1. Sasa piga hesabu. Dar es Salaam mchana wa Januari au Februari, nyuzi 32 ni jambo la kawaida, na jikoni chini ya bati joto linapanda zaidi ya hapo. Kachumbari ya saa tano inayoliwa saa kumi imekaa saa tano nzima. Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyomsumbua bibi, lakini ingekuwa nyumbani kwangu ningeanza kuitazama hiyo. Mzee akiharisha anapungukiwa maji mwilini upesi kama mtoto mdogo, na akiharisha maji maji, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS na umpeleke kituo cha afya, usingoje kesho.

Tusisahau pia tulikotoka. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa hadi mikoa mingi na Zanzibar. Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula kilichochafuka, na chakula kisichopita motoni kina kinga moja tu, nayo ni usafi wa anayekiandaa.

Wapo wanaoamini limao linaua kila kitu. Ukali wa limao unapunguza nguvu za baadhi ya vijidudu, hilo ni kweli, ila haliwezi kufanya kazi ya kuosha. Mboga nyingi za majani mijini zinalimwa mabondeni, likiwemo bonde la Msimbazi, ambako maji ya kumwagilia yanatoka mtoni na mto umepita kwa watu wengi kabla ya kufika kwenye tuta. Ukinunua giligilani hujui limemwagiliwa nini. Lichukulie kama limetoka huko, uwe salama.

Kuosha basi. Mikono kwanza, kwa sabuni. Mboga zioshwe zikiwa nzima, kabla kisu hakijazigusa, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda na kuuingiza ndani. Zioshe moja moja kwa maji yanayotiririka huku unasugua kwa vidole. Kama bomba halitoki, mtoto amimine kwa jagi na wewe usugue. Kuzitumbukiza zote pamoja kwenye beseni moja ni kuzigawia uchafu. Sabuni ya vyombo isiguse mboga, inanywewa na kubaki humo. Suuza ya mwisho iwe kwa maji ya kunywa, yaliyochemshwa na kupoa au yaliyotiwa dawa ya kutakasa maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Giligilani lifungue shina kwa shina, udongo unajificha pale shina linapoanzia. Na kibao kilichokatiwa samaki au nyama asubuhi kioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla nyanya haijapanda juu yake. Akina mama lishe wazuri wana vibao viwili, nami naona hiyo ni fedha iliyotumika vizuri.

Sasa upishi wenyewe, kwa watu watano au sita. Nyanya nne zilizoiva lakini ngumu, zile za kupikia mchuzi ziache. Kitunguu maji kikubwa kimoja. Tango moja, karoti moja, giligilani kiasi cha kushika kwa vidole vitatu, pilipili mbuzi au kichaa kwa anayetaka, limao moja au ndimu mbili, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta ya kula kijiko kimoja cha chai.

Kitunguu ndicho cha kuanza nacho, kwa sababu ndicho chenye kazi. Kikate vipande vyembamba vya mviringo, nyunyizia chumvi kidogo, kifikiche kwa mkono mpaka kilainike, kisha kisuuze kwa maji ya kunywa mara mbili na kukikamua. Bibi zetu walijua hili bila kufundishwa. Kitunguu kikikatwa, chembechembe zake zinapasuka na kutoa dawa kali yenye salfa inayochoma macho na kubaki mdomoni mpaka usiku. Dawa hiyo huondoka na maji. Anayeruka hatua hii huwa ananishangaza, maana hakuna inayobadilisha ladha kuliko hiyo.

Tango likate ncha ya upande wa kikonyo na uionje. Uchungu wa tango hukaa zaidi upande huo na kwenye ganda. Ukiwa mkali, menya lote na ukate ncha kubwa zaidi, na ukiukuta mpaka katikati litupe. Karoti ikwanguliwe. Nyanya zije mwisho, na kisu kiwe kikali. Kisu butu hakikati nyanya, kinaikamua. Mbegu na ule ute wake wengine huondoa ili maji yapungue, mimi siondoi, kwa sababu ndimo ladha ilimo na kachumbari yangu haikai hata nusu saa.

Changanya kwa mkono mwepesi. Chumvi, limao na mafuta viingie wakati sahani zinapangwa, wala si mapema.

Wanaopenda ile ya kwenye chipsi, yenye kabichi, wafanye kinyume kwenye kabichi peke yake. Likate jembamba kama uzi, litie chumvi, liache dakika kumi, likamue, halafu ndiyo lichanganywe na vingine. Kabichi bila kukamuliwa hutafunwa kama majani ya mbuzi.

Na ubaridi? Watu wengi wanakata kwanza halafu wanaingiza bakuli kwenye friji. Fanya kinyume: poza mboga zikiwa nzima, nusu saa au zaidi kidogo, kisha kata na uandae. Nyanya ikikaa siku nyingi kwenye friji hupoteza ladha, lakini nusu saa haiidhuru. Umeme ukikatika, au kama friji huna, chukua beseni, tia barafu, halafu bakuli la kachumbari likae juu yake. Barafu ya mitaani isiingie ndani ya kachumbari, kwa sababu hujui maji yake. Mtungi wa udongo nao unapoza, kwa vile maji yanayopenya nje hukauka na kuondoka na joto. Ila hewa yetu ya Pwani ina unyevu mwingi, mtungi haufanyi kazi kwa nguvu kama kwa wenzetu wa Dodoma wenye hewa kavu.

Turudi Mbagala. Dada yangu, asubuhi osha kila kitu, kausha kwa kitambaa safi, weka mboga nzima kwenye friji au kwenye kapu lenye kifuniko mahali penye kivuli. Usikate hata kimoja. Wa saa saba wakatiwe yao saa saba kasorobo, na mtoto mkubwa aliyerudi shule anaweza kufundishwa, awe wa kike au wa kiume. Ya mama mkwe iwe bakuli lake dogo: nyanya moja, robo ya tango, kitunguu kidogo. Haimalizi dakika tano.

Nani atakata saa tisa wakati wewe uko gengeni? Mimi ningemwomba mwenyewe, kama mikono yake bado ina nguvu. Usimwambie ajikatie, hilo litapokelewa vibaya na mawifi watalifikisha mbali. Kaa naye asubuhi baada ya kumwamkia, umwambie, "Mama, kachumbari yangu bado haijafikia yako. Naomba leo utukatie wewe." Mwachie kibao, kisu chepesi chenye makali, na mboga ambazo umeshaziosha. Nimewaona wazee waliokuwa wanasukuma sahani pembeni wakirudiwa na hamu walipopewa kitu cha kufanya jikoni. Akikataa, basi mjukuu amkatie mbele yake, na yeye aelekeze. Kama meno yamepungua, tango limenywe, nyanya ikatwe ndogo sana, karoti ikwanguliwe laini au iachwe. Kama ana presha, punguza chumvi na uongeze limao. Ulimi hautambui haraka.

Jambo jingine, nalo si dogo kwa nyumba zinazokula maharage na mchicha siku nyingi za wiki. Madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani hayapokelewi kirahisi na mwili, lakini vitamini C inasaidia yapokelewe zaidi, mradi viliwe pamoja. Nyanya mbichi na limao vina vitamini hiyo, ambayo hupungua ikipikwa na hupungua pia mboga zikikaa zimekatwa. Kwa mama mjamzito na kwa mtoto anayekua, bakuli dogo la kachumbari pembeni ya maharage lina kazi yake. Mjamzito tu awe mkali zaidi kwenye kuosha. Na yale matone ya mafuta niliyotaja si ya urembo. Kile kinachogeuka vitamini A kwenye karoti kinahitaji mafuta kidogo ili mwili ukichukue. Vipande vya parachichi vinafanya kazi hiyo hiyo.

Kwa sasa embe ziko mitini, kwa hiyo usinunue limao kila siku. Chukua embe bichi, menya, kata vipande vyembamba kama njiti, changanya na kitunguu kilichosuuzwa, pilipili na chumvi. Hii haitoi maji upesi kama ya nyanya, na kwa samaki wa kukaanga sijaona mshindani wake. Wa Zanzibar watatuambia wao wana mbilimbi, nasi tutanyamaza kwa heshima.

Ikibaki mezani na saa yake haijapita, ichuje maji, ikaangie mayai au iingize kwenye mchuzi wa dagaa. Iliyopitiliza itupe bila kuionea uchungu, nyanya mbili hazifiki hata nauli ya kwenda zahanati.

Wiki ijayo nitajibu maswali kuhusu chakula cha mtoto anachobeba kwenda shule, hasa wali wa jana usiku. Barua zenu nimezipata, zile za Tanga na Morogoro nitaanza nazo.