Mutoto mwenye kulilia kitabu, tusimucheke

Wasomaji wetu, leo tunataka kusema juu ya machozi. Si machozi ya matanga, wala ya mwisho wa mwezi wenye mushahara haukutoka. Ni machozi ya mutu mwenye kusoma hadisi ya kutunga, akifika ku mwisho anafunga kitabu na kulia kama mwenye kufiwa ndugu. Wengi kwetu wanacheka: « Unalilia mutu mwenye hata hakuzaliwa? Umekosa kazi? »

Tusicheke mbio. Siye wote tulishaka kufanya vile. Hapa Katanga wazee wetu walikuwa wanakaa karibu na radio kusikiliza teatri ya Mufwankolo, na kesho yake ku kazi wanabishana juu ya bwana na muke wa mu teatri kama vile majirani wa kampi. Leo mama anaacha bukari inaungua juu ya feuilleton ya televizio. Tunajua kama watu wale ni wa kutungwa. Lakini shida yao inatuingia mu roho, juu mule tunaona yetu.

Kitabu chenye tunataka kuzungumuza kinatoka mbali, Marekani. Mwandishi wake ni mwanamuke, Mercedes Lackey, mwenye alikuwa anatumika kazi ya ordinateur mu kampuni ya ndege na kuandika nyuma ya kazi. Mwaka 1989 alitosha « Magic's Pawn », na mwaka 1990 vingine viwili vya kufuata, « Magic's Promise » na « Magic's Price ». Kwa Kifaransa cha kwanza kinaitwa « La Proie de la magie ». Ni hadisi ya maajabu: inchi ya Valdemar haiko mu karte yoyote, watu wana nguvu za kushinda akili, na farasi nyeupe zinasema na mutu ndani ya kichwa chake.

Shujaa ni Vanyel Ashkevron. Hadisi inaanza yeye akiwa kijana wa miaka 15. Baba yake, Withen, ni bwana mukubwa wa udongo, na anataka mutoto wake wa kwanza awe mwanaume wa nguvu, mwenye kushika upanga. Vanyel anapenda muziki. Mwalimu wa upanga anamupiga mpaka mukono unavunjika, na baba anaamini maneno ya mwalimu, si ya mutoto. Kiisha anamutuma mbali, kwa shangazi Savil, mu muji mukubwa. Kule Vanyel anakutana na mwanafunzi mwingine, Tylendel, na wanapendana. Njo pale anajitambua: yeye ni mwanaume mwenye kupenda mwanaume mwenziye.

Furaha haikawie. Pacha wa Tylendel anauawa mu vita ya jamaa mbili. Tylendel anatafuta kulipiza, anaharibu kila kitu, na anajiua. Vanyel anabaki, naye anataka kufa. Farasi nyeupe, Yfandes, anamuokoa. Shangazi anamupeleka kwa watu wa pori wenye kumuponyesha. Kati yao kuko wanaume wawili, Starwind na Moondance, wenye kukaa pamoja na amani, na hakuna mwenye kuwatukana. Kwa mara ya kwanza Vanyel anaona kama mutu wa namna yake anaweza kuzeeka muzuri. Anarudi kwao, anakuwa mulinzi wa inchi kuliko wote. Mu kitabu cha tatu anakufa akizuia jeshi la adui kupita mu milima, yeye na Yfandes tu.

Angalieni neno moja la ajabu. Wasomaji walijua mbele kama atakufa. Mwaka 1987 Lackey alitosha kitabu kingine, « Arrows of the Queen », chenye kuanza na binti mudogo anasoma hadisi ya zamani ya kifo cha Vanyel. Mwisho ulikuwa wazi miaka miwili mbele ya mwanzo! Na bado watu walilia. Tena walikutana mu chama cha wasomaji chenye jina Queen's Own, walitunga nyimbo na kuziimba, na mpaka leo kuko wenye kurudilia vitabu vile kila mwaka, kurasa zimechakaa kama biblia ya nkambo.

Juu ya nini? Tukumbuke wakati ule. Mwaka 1986 tribunal ya juu ya Marekani ilikubali kama jimbo linaweza kufunga watu wawili wakubwa juu ya mapenzi ya namna ile mu nyumba yao. Ilirudisha neno lake nyuma mwaka 2003 tu. Ugonjwa wa sida ulikuwa unaua vijana, na wengine walikuwa wanazikwa bila jamaa kusema ukweli. Mpaka Mei 1990 OMS ilikuwa ingali inahesabu mapenzi ya vile kati ya magonjwa. Kijana wa Marekani mwenye kujiona hivi alikuwa anafungua vitabu na kukuta mutu kama yeye ni muchafu, ao wa kuchekesha, ao hayuko kabisa. Ghafula anakuta shujaa, mwenye inchi nzima inamutegemea. Wengi wamesema wazi, wakiwa watu wazima: « Kitabu hiki kiliniambia siko peke yangu. » Kuko na wenye kusema kama bila kile hawangebakia wazima.

Lakini wale si wote. Wasomaji wengi wa Vanyel ni wanawake, wazee, watu wenye bwana na muke na watoto. Wao walilia juu ya nini? Juu ya mutoto mwenye baba hamusikie. Juu ya mutu mwenye kutumikia wengine mpaka anajisahau. Ile haina lugha, haina rangi.

Na hapa, baba zetu wa mine, tunataka kusema na ninyi. Withen hakuwa baba mwenye kuchukia mutoto wake. Alimupenda, lakini alimupenda kwa namna moja tu: uwe kama mimi. Siye tunamujua baba ule. Mutu anamaliza poste ya usiku, mugongo unauma, anaingia mu nyumba na kukuta kijana wake amejifungia na kitabu ao guitare, na roho inamupanda: « Ule ni mwanaume wa namna gani? » Hasira ile haitoke bure. Inatoka ku woga, juu dunia ni ngumu na baba anataka mutoto mugumu. Lakini woga wa baba, ukiingia mu masikio ya mutoto, unasikilika kama kuchukiwa.

Tunajua wamoja watasema: « Kumbe gazeti linataka kufundisha watoto wetu mambo ya wazungu! » Tujibu bila kuficha. Katiba yetu, article 40, inasema ndoa ni ya mutu na mwenziye wa jinsia ingine, na kanisa nyingi zinafundisha vile. Siye hatuandike hapa kubadilisha ile. Lakini hakuna kitabu chenye kugeuza mutoto. Kama kitabu kingekuwa na nguvu ile, vitabu vyote vya masomo vingekuwa vimeshatufanya wanaume wote wenye kupenda wanawake tu, na kila darasa lingetoka na wenye akili wote! Kitabu hakipande mbegu. Kinawasha taa mu chumba chenye kilikuwa mule. Ukizima taa, chumba hakitoke. Mutoto anabaki ndani, mu giza.

Tuseme pia ukweli wa upande mwingine. Kati ya wasomaji wenyewe kuko wenye kulalamika juu ya vitabu hivi. Wanauliza: kwa nini mupenzi wa kwanza lazima ajiue? Kwa nini shujaa wa namna hii lazima ateswe kurasa kwa kurasa, na mwisho afe, wakati mashujaa wengine wanaoa na kuzaa? Swali lile ni la haki. Mutoto mwenye kusoma asiamini kama maumivu njo bei ya kupendwa. Njo maana tunarudi ku wale wawili wa mu pori, Starwind na Moondance: hawana kurasa nyingi, lakini wao wanaishi.

Basi muzazi afanye nini akikuta mutoto analia na kitabu mu mukono? Asikinyanganye. Asikitupe mu moto. Akae karibu na kuuliza: « Nani amekufa mule? Alikuwa mutu wa namna gani? » Mutoto atasema juu ya ule mutu wa kutungwa mambo yenye hawezi kusema juu yake mwenyewe. Na kama mu maneno yake munatoka ya kutaka kufa, usimuache peke yake usiku ule. Ita mama, ita mujomba mwenye roho ya pole, tafuta munganga. Mu mapashi ya wenye kujiua, jamaa wanasemaka: « Hakutuambia kitu. » Pengine aliambia, kwa kinywa cha kitabu.

Ninyi watu wa chini ya udongo mwajua kuliko siye wa bureau: jiwe halianguke bila kusema. Linapasuka kidogo, vumbi inatelemuka, na mwenye masikio anatoka na kuita wenzake. Mwenye kucheka ile sauti, mara nyingi hamalize poste. Machozi ya mutoto juu ya Vanyel ni sauti ya vile. Tuisikilize mbele ya mulima kushuka.