Nyumba ya bibi na mambo ya kisasa

Wiki hii tunavuka maji hadi Unguja, Mji Mkongwe, maana kuna kijana kanitia hasira nimeshindwa kunyamaza. Na wala si mtu baki, ni binamu yangu wa damu.

Jamaa kaoa, bibi yetu akampa chumba na sebule chini katika nyumba ya ukoo. Bure! Wenzake wanalia na kodi ya miezi sita, yeye kadondokewa na embe bivu mdomoni. Kafanyaje? Kaita fundi, kabandua chokaa yote ukutani, kapiga saruji, juu yake rangi ya mafuta inayong'aa kama sahani. Yale mashubaka ya ukutani kayaziba ili abandike televisheni. Kitanda cha samadari cha bibi, chenye matendegu ya kuchonga, kikawekwa uani kumsubiri dalali.

Basi ikaja masika. Rangi ikaanza kuvimba na kubanduka, chumvi nyeupe ikatoka ukutani, chumba kikanuka unyevu mpaka bibi harusi akawa anakohoa usiku. Bibi aliponiona tu nikimpa shikamoo, kabla hata ya marahaba kamili, akasema, "Mjukuu wangu, mwenzio kaiziba nyumba pua."

Bibi hajakosea hata chembe. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na zinafyonza maji kutoka ardhini. Ukiwa na plasta ya chokaa, unyevu unatoka taratibu na kukauka. Ukipiga saruji, maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi kutafuta njia. Yakifika kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani, zinaanza kuoza. Na boriti ndizo zinazobeba dari!

Usidhani ni mchezo. Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 linalojulikana dunia nzima, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Nyumba kongwe inataka heshima na fundi anayeijua.

Sasa usije ukasema dada anataka tuishi kama enzi za karabai. Hapana! Mimi mwenyewe napenda sebule ya kisasa, na vyote viwili vinakaa pamoja. Sikiliza.

Kwanza ukuta. Piga chokaa, nyeupe. Weupe ule unaukubali mkeka wa ukili na unaikubali televisheni bapa vilevile. Mashubaka yaache wazi, weka ndani kitaa kidogo cha LED chenye mwanga wa njano. Usiku utadhani uko hotelini.

Pili makochi. Vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kama mita tatu hivi. Lile sofa la kona ulilolipenda dukani halitakaa, na kwanza halitapita mlangoni. Tafuta kochi la chini, jembamba, mito yake ishonee kanga. Sanduku la bibi lenye misumari ya shaba ndilo meza yako ya katikati.

Tatu nyaya. Usitoboe ukuta ovyo, zipitishe juu kwenye mifereji yake. Bafu na jiko fanya vya kisasa kabisa, ila bomba likivuja, liwahi siku hiyohiyo. Maji ndiyo adui namba moja.

Na kumbuka, Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Kabla hujabomoa wala kujenga, pitia kwanza Mamlaka ya Hifadhi.

Binamu yangu? Kaibandua saruji yote, kalipa fundi mara ya pili, na safari hii fundi ni mzee wa chokaa aliyeletwa na bibi mwenyewe. Pesa ya fungate imeishia ukutani. Kitanda tulikiwahi dalali akiwa tayari anahesabu noti. Sasa kimerudi chumbani, godoro jipya juu, chandarua cheupe, pembeni kitaa cha kusomea. Bibi harusi hakohoi tena, na mashoga zake wakija hawataki kutoka.

Wewe nawe, kabla hujaita dalali wala kununua mfuko wa saruji, kaa kwanza barazani na bibi yako umuulize nyumba inataka nini. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.